Asilimia Sabini na Sita

Maharage ya Korogwe hayaivi Leadville.
Shangazi Mwantumu aliyabandika saa sita mchana;
alipokoleza moto mara ya nne kiza kilishaingia
na punje bado ngumu, zinagonga sufuria kama changarawe.
"Maji yenu yanachemka uongo," akasema.
Nikacheka, maana ni kweli: hapa, mita elfu tatu na ushei,
maji hutokota kabla moto haujayakolea,
kama mtu anayeangua kilio
kabla hajaambiwa aliyekufa ni nani.

Siku ya pili, kichwa.
"Kama mtu ananivika kilemba cha waya, anakaza."
Usiku nikamsikiliza akilala:
pumzi nne, tano za haraka, kisha kimya,
kimya cha mtu aliyesimama mlangoni akitafuta alichosahau,
kisha pumzi tena, kwa pupa.
Mimi pia nilianza hivyo, miaka saba iliyopita.
Baadaye mwili ukajifunza ubahili,
damu ikazaa chembe nyekundu juu ya chembe,
hata wakinitoboa mshipa husema, yako nzito kama uji.

Hewa ni ile ile. Haikubadili jina wala harufu.
Imetawanyika tu,
kama ndugu baada ya kugawana shamba.

Siku ya tatu akavaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia.
Kijiko akakiita "kile cha, kile cha kuchotea maneno."
Akahesabu tasbihi, akafika kumi na moja,
akarudi saba, akauliza nani kaiba zilizobaki.
Kisha akanitazama, macho yakatulia,
akaniita kwa jina la baba yangu.

"Kaka Mbelwa. Usimfungie moyo huyo mtoto.
Hakuja kukuzika, najua,
nilimngoja mpaka udongo ukakauka.
Lakini huko aliko hewa haitoshi.
Mtu akikosa hewa hukosa na adabu.
Msamehe, ulale."

Muuguzi Marisela akambana kidole kwa kidude chenye taa nyekundu.
Sabini na sita.
Hakupandisha sauti. "Ubongo wake una njaa," alisema,
"na maji yanaanza kuingia pasipo pake.
Dawa ni moja: mshushe. Usiku huu."

Mtungi wa oksijeni tukaufunga mkanda kama abiria.
Tukaufuata mto Arkansas, ambao haujawahi
kuhitaji kuelezwa njia ya kushuka.
Granite, amelala.
Buena Vista, akakohoa, akaomba maji, akayaita maji.
Salida, kituo cha mafuta, saa tisa za usiku,
akaitazama miguu yake:
"Nani kanivalisha viatu kipumbavu hivi?"
Kidude kikasema tisini na moja.
Akataka chai. Akalalamika haina tangawizi.
Akaniita kwa jina langu, lote,
hadi lile la utoto ambalo nilidhani limezikwa.

"Shangazi, unakumbuka uliyosema jioni?"
"Nilisema nini? Ya maharage?"

Sikumjibu. Nikatoka nje ya gari.
Kwenye kiti cha nyuma, pakiti ya kripsi
iliyovimba Leadville kama mto wa kulalia
ilikuwa imenywea, imekunjamana,
imerudi kuwa pakiti ya kripsi.
Kifua changu kimejaa hewa nono ya bondeni
na sijui niitumie kwa lipi.

Msamaha uliotolewa kwa asilimia sabini na sita,
na mtu asiyejua kijiko,
kwa niaba ya marehemu,
unahesabiwa?

Baba, wewe uliko hakuna hewa kabisa.
Ulisikia?